Mamba ya Byamungu

Leo mamba imenipatisha haya mbele ya watu wa kwetu Kilibula. Musicheke kwanza. Mungoje.

Munajua muguu yangu mubaya. Mamba ilinishika nikifua nguo mu ziwa, nikapona juu ya vile niliitoboa jicho na kidole. Lakini hamujui nani aliituma kwa uchawi. Minye najua: Byamungu, jirani yangu. Tuligombania mupaka wa kiwanja, na juma ile ile mamba ikanishika. Mbele yangu kulikuwa wasichana wanene wanaoga. Iliwapita! Hiyo ni mamba ya kawaida?

Sasa, kando ya ziwa kuna bustani ndogo ya wanyama. Gide, mwenye kutembeza wageni, anasimama, anawaeleza maisha ya kila munyama. Nikasikia leo ni zamu ya mamba, tena ile waliyokamata pale pale iliponiuma. Na mamba ya kutumwa inamujua bwana wake. Akiikaribia, inamufuata kama imbwa. Kwetu hata mutoto anajua.

Nikamuita Byamungu. "Jirani, twende tujifunze."

"Weye? Kujifunza? Na minye?"

"Tusameheane."

Akakubali mbio. (Mbio sana. Muntu asiye na kosa angeuliza maswali.)

Nilikuwa natoka soko na kitunga yangu kichwani, ya ndakala, zile samaki ndogo, zilizobaki, tukaenda vile vile. Gide, kijana anaitwa Amisi, alikuwa anasema mamba haina chuki na muntu, inakula tu kinachopita.

"Uongo!" nikasema.

"Mama, maswali ni mwisho."

"Minye sina swali. Niko na jibu." Nikapandisha kikwembe, nikaonyesha kovu. (Minye niliishia masomo ya primeri, lakini kovu yangu ilisoma.) "Mamba hii ilitumwa! Na aliyeituma iko hapa. Byamungu, karibia uzio wa senyenge!"

Byamungu akaenda, akashika senyenge. Mamba imelala, mudomo wazi. Akatembea kushoto, akarudi kulia. Hata jicho haikugeuza.

"Weye mamba," akaiuliza, "minye niko bwana wako?"

"Inajifanya!" nikapiga kelele. "Iko na akili kama yeye!" Nikasogea niione vizuri.

Mamba ikasimama.

Nikaenda kushoto, nayo kushoto. Nikaenda kulia, nayo kulia. Nikarudi nyuma, ikaweka pua kwenye senyenge, ikaningoja. Yesu wangu! Kama imbwa kabisa.

Byamungu hakupandisha hata sauti. "Ah. Kumbe bwana wake ndiye huyu."

Ungeona watu! Mama mumoja akaficha watoto mu kikwembe. Mwingine akasema, "Ndiyo maana iliuma muguu tu, ikamuachia!" Amisi akajaribu: "Ni kitunga, jamani! Inasikia harufu ya ndakala!" Nani alimusikiliza? Minye peke yangu. Ule kijana niliyemuita muongo, sasa ni minye tu ninayemuamini.

Nimerudi nyumbani nikichechemea mbio. Byamungu amekwisha kuhamisha kiti yake upande wa pili wa nyumba yake, na akiniona anatangulia kunisalimia. Anainama!

Sasa hivi muvuvi mumoja amebisha, kofia mukononi. "Mama mukubwa, tunakuomba. Uambie munyama wako awakataze wenzake mu ziwa kupasua nyavu zetu."

"Sina mamba!"

"Ndiyo, mama. Hata wengine wenye mamba wanasemaka hivyo." Akaweka kuku mulangoni, akakaa anaomba.

Nimemukatalia mara nyingi, naapa. Kisha nikamuambia nitaongea na mamba.