Mkaguzi wa Akili Mnemba Rwamgasa

Donatus wa Ngokolo alikuwa akinywa chai redio iliposema serikali inaandaa mwongozo wa akili mnemba. Wenzake walisikia habari tu. Yeye alisikia riziki. Inaandaa maana yake haijamaliza, na katika pengo hilo mtu mwenye kizibao cha kung'aa na mhuri wa kuchonga anaweza kukaa raha mustarehe. Kesho yake alikuwa Rwamgasa, kwenye machimbo ya dhahabu.

Alimwendea Mama Ritha, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, kwa kuwa mama huyo alisifika kwa kuiuliza simu yake kila kitu, hata pa kuchimba.

"Shikamoo, mama. Mkaguzi wa akili mnemba, kutoka serikalini."

"Marahaba, baba. Nimekosa nini?"

"Simu inayofikiri bila leseni ni hatari kwa taifa. Elfu hamsini tu, unakuwa salama."

Mama Ritha alifungua fundo la khanga, akasita. "Na ikinidanganya, leseni ninayo, nani anajibu?"

Swali hilo, msomaji, linawakosesha usingizi wakubwa wa nchi nyingi. Donatus alilimaliza papo hapo.

"Mkaguzi! Serikali ni ya nini sasa?" Akaandika hivyo kwenye karatasi ya leseni, akasaini, akagonga mhuri. Hela ikaingia mfukoni.

Mama Ritha aliiweka simu sikioni. "Inasema dhahabu ipo nyuma ya karasha, futi kumi. Mabula!" Likaja jitu la mchimbaji. "Hapa kwetu anayelidhamini duara, shimo la dhahabu, ndiye anayeanza kulichimba, na wewe umeijibia simu. Mpe mkaguzi sululu."

"Mama, mimi ni mtu wa ofisini..."

"Ng'wanawane, mwanangu, karatasi yako naweza kuwapelekea polisi waisome."

Donatus aliogopa, tena aliogopa sana. Alivua kizibao, akachimba siku mbili. Kila akiuliza, simu ilisema bado. Elfu hamsini iliishia kwenye uji, maji na kukodi sululu.

Siku ya tatu, akiwa futi ya kumi, alisikia pikipiki, kisha akaona uso wa bwana afya wa kata ukichungulia kutoka juu.

"Mama Ritha, hongera! Nilikupa mpaka Ijumaa uwe na shimo la choo cha wafanyakazi, nikajua nitakuja kukutoza faini. Limenyooka kweli! Nani amekuchimbia?"

"Mtu wa serikali mwenzako," alisema Mama Ritha, akimtupia Donatus kamba.