Chaneli ya Sita na Kiti cha Kileleni

Jumatatu, 3 Februari

Wote wanaihadithia vibaya. Wote! Ingia klabu ya wazimamoto, mnunulie mtu bia moja, atakwambia televisheni ililetwa hapa mjini Saint Owen na baba yake jirani yangu Elwood Reese, mwaka hamsini na moja, kwa sababu alikuwa na duka la vyombo vya umeme na alitaka kuuza. Uongo mtupu! Aliyepanda mlimani na antena mgongoni ni baba yangu, mzee Baluta, mchimba makaa, kwenye baridi ya kugandisha mate mdomoni. Tena siku moja kabla alipeleka kiti chetu cha jikoni pale kileleni, kushika nafasi. Kesho yake akafunga antena, akateremsha waya bondeni, watu wakaona picha. Reese alikuwa chini anahesabu wateja. Naandika haya nyuma ya daftari la mapishi la mke wangu ili ukweli usipotee.

Sasa ya leo. Asubuhi nawasha televisheni, chaneli ya sita hakuna. Kioo cheusi, maandishi meupe. Kampuni ya kebo inasema stesheni inadai hela nyingi mno kwa kila nyumba inayopelekewa chaneli. Stesheni nayo iko redioni inalia, eti kampuni inakula jasho lake bure. Wanagombana wao, tunazimiwa sisi!

Siku nyingine ningenuna tu. Lakini wiki mbili zilizopita kina mama wa kanisa walimchagua Verna wangu akapike pirogi kwenye kipindi cha chaneli ya sita. Pirogi zake, zile za unga zinazojazwa viazi na jibini. Alitengenezwa nywele, akavaa gauni la bluu, akaenda kurekodiwa. Kinatoka Jumapili saa sita mchana. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kutokea televisheni, ila binamu yangu, siku gereji yake ilipoungua.

Verna hakulia. Alifuta meza, nayo ilikuwa safi. Nikamwambia, mke wangu, Jumapili utajiona na mtaa mzima utakuona, mimi Stush nimesema. Akaniuliza kwa upole kama ni Stush yule yule aliyetengeneza boila tukalala na makoti.

Nikapiga simu kampuni. Muziki dakika arobaini. Binti akasema babu piga stesheni. Stesheni wakasema babu piga kampuni. Nikawaambia wapigiane wao!

Jumanne, 4 Februari

Mabishano klabuni. Nimesema wazi: mawimbi yanadondoka toka angani kama theluji. Nani analipia theluji? Kampuni isilipe hata senti, iturudishie chaneli basi!

Elwood alikuwa kona yake na kofia yake ya masikio. Akasema kweli, theluji hailipiwi. Lakini nafasi iliyopigwa beleshi je?

Watu wote wakaweka glasi chini. Maana hapa kwetu hilo si neno la kuchezea. Ukiondoa theluji mbele ya nyumba ukapata pa kupaki gari, unaweka kiti cha jikoni pale, na nafasi ni yako mpaka theluji iyeyuke. Kiti hakiguswi. Polisi hawakigusi. Padri hakigusi. Shemeji yake Chet wa baa alikigusa mara moja tu, asubuhi akakuta gari lake limemwagiwa maji usiku kucha, limekuwa barafu moja na barabara. Alienda kazini kwa miguu hadi Machi.

Basi Elwood anasema stesheni ndiyo iliyopiga beleshi. Imelipa wapiga picha, watangazaji, na yule mama wa hali ya hewa. Kampuni inakuja inapaki bure kwenye nafasi ya mwenzake, halafu inatutoza sisi kwa kulitazama gari. Wakacheka, wakampigia meza! Nikamwambia wewe umerithi mdomo wa dukani kwenu. Akasema na wewe umerithi nini, Stush, maana sijakiona bado.

Chet akasema alipe huyu alipe yule, mwisho tutalipa sisi. Hakuna aliyemsikiliza. Chet hakosei kamwe, ndiyo maana anachosha.

Jioni nimetoa antena ya zamani darini, nikaifunga paani. Chenga tupu. Mlima wote umesimama katikati yetu na stesheni. Verna akiwa chini akaniuliza kama nimeona kitu. Nikamwambia naona nyumba ya Elwood inahitaji rangi.

Jumatano, 5 Februari

Akili imenijia kwenye uji. Kilele! Juu kule kuna upenyo mmoja tu kati ya miti na kichuguu cha vumbi la makaa, hatua tatu kwa tatu, ndipo picha inapopita. Baba alipajua. Nimepanda na antena mgongoni, miaka sabini na tisa hii, theluji magotini, nimeanguka mara mbili tu (mara nne).

Nafika juu. Pamepigwa beleshi. Safi! Na katikati pamewekwa kiti cha jikoni, kikalio cha kijani.

Cha Elwood!

Nilisimama nakitazama nusu saa. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na hata ndege. Ningekisogeza kwa kidole. Nikanyoosha mkono, mkono ukakataa wenyewe. Nikashuka na antena yangu. Verna akauliza imekuwaje, nikasema upepo.

Alhamisi, 6 Februari

Nimepanda tena, safari hii na katelevisheni kadogo ka betri. Nimefunga antena hatua mbili pembeni ya kiti. Chenga. Hatua moja. Mhubiri wa sijui wapi, hana kichwa. Nikafikiri: sheria inakataza kuondoa kiti. Kukikalia je? Hakuna sheria!

Nikakaa. Antena mapajani, kale katelevisheni miguuni. Haki ya Mungu, chaneli ya sita ikaja kama maji! Mama wa hali ya hewa huyo, hadi pete yake niliiona. Nilipiga kelele za furaha peke yangu.

Elwood akatokea, beleshi begani, mabunda ya waya wa dukani kwao kwenye kigari cha kuburuta. Akaniangalia. Akaniuliza kama nitakaa hivyo mpaka Jumapili, halafu Verna nimpelekee picha mfukoni. Akasema yeye anafunga antena yake leo, anateremsha waya, na mimi nikitaka ananiunganishia. Bei? Nafasi yangu ya kupaki. Ile ya mbele ya nyumba yangu, tambarare, jua la asubuhi! Mpaka theluji iishe! Yeye nyumba yake iko kwenye mteremko, gari lake kila asubuhi linataka kwenda mtoni bila yeye.

Nikamwambia nilipie hewa? Hewa, Elwood? Nikainuka. Suruali ikabaki kidogo kwenye kiti.

Ijumaa, 7 Februari

Ushindi! Waya wa Elwood unapita nyuma ya banda langu. Unapita wenyewe, sikuuita. Kisu, koleo, dakika kumi, nimechomeka wangu. Picha imekuja sebuleni! Verna alikaa, mikono mapajani, akatazama tangazo la magodoro mpaka mwisho. Halafu akaniongezea siagi kwenye viazi.

Sikuishia hapo. Mtu mkubwa haishii hapo. Nimetoa waya kwangu nimewapelekea majirani sita. Bure? Hata! Mimi ndiye niliyehangaika kuvuta waya kwenye baridi, au siyo? Kila nyumba sinia moja ya chakula. Mpaka jioni nimepokea kabichi za kufunga nyama, soseji, keki ya njugu. Verna akaziangalia. Akasema nimwelekeze vizuri, maana yeye hakusoma sana: kama hewa ni bure, kabichi ni za nini?

Nimemwambia za huduma.

Jumamosi, 8 Februari

Balaa. Nyumba saba zinakunywa kwenye waya mmoja, na wa nane ni Elwood mwenyewe, mwenye waya, kakuta chenga kwake. Akafuata waya kwa miguu, taratibu, kama anafuata damu ya paa aliyempiga risasi. Akafika bandani. Nilimwona kupitia dirisha la choo.

Nilidhani atatukana. Alicheka mpaka akashika ukuta! Akaniita nitoke. Akasema hongera, Stush bwana, umekuwa kampuni ya kebo, basi mimi ndiyo stesheni, lete changu. Nikasema mawimbi yanadondoka toka angani. Akasema sawa, lakini haya yamedondoka kwenye kiti changu.

Akang'oa waya wangu. Halafu, mshenzi yule, akabandika kadibodi nyeusi kwenye nguzo ya taa, maandishi meupe: STUSH BALUTA AMEKATAA KULIPA. KWA MAELEZO MPIGIENI SIMU.

Wamepiga! Wote sita! Mama wa nyumba ya tatu anataka keki yake, na nimeshaila. Mwishowe nikawa napokea simu naisogeza karibu na redio, nawawekea muziki wa polka. Nimeelewa sasa kwa nini kampuni inafanya vile. Inapumzisha sana.

Verna hakula jioni. Gauni la bluu kalitundika mlangoni, kama vile atalivaa kujitazama. Akasema hakuna neno, mzee wangu, alikuwepo alipokuwa anapika, anajua ilivyokuwa.

Angenitukana ingekuwa nafuu.

Jumapili, 9 Februari

Saa tano na dakika arobaini. Nimetoka nje bila kofia. Nimesogeza gari langu, kwa mazoea nikaweka kiti, gari nikalipeleka juu makaburini, ndipo penye nafasi. Nikarudi kwa miguu. Nikasimama mbele ya kiti changu. Maisha yangu yote sijawahi kuondoa kiti cha mtu, na leo nimeondoa changu mwenyewe, madirisha yote ya mtaa yananitazama. Elwood akaja polepole na gari, akalipaki pale, jua likamwakia. Hakunicheka. Akaenda bandani, akachomeka waya kwa mkono wake, na kidude cha kuongeza nguvu alichokuwa nacho mfukoni tangu Alhamisi. Tangu Alhamisi!

Kisha akaingia kwetu, akavua viatu, akakaa kwenye kochi langu.

Saa sita kamili, Verna huyo! Bluu. Anakata unga uliokandwa kwa glasi, anajaza, anabana ukingo kwa vidole, tap tap tap. Nimekula pirogi hizo miaka hamsini na tatu, sikuwahi kuitazama mikono ile. Elwood akasema Verna umependeza, nami nikasema nilikuwa nataka kusema hivyo. Verna wa kwenye kochi alikuwa ameshika mdomo, machozi yanamtoka anacheka.

Hapo kingeishia, mngekuta mtu mwenye furaha. Lakini mtangazaji, kijana wa meno mengi, akamwuliza: Mama, nasikia kwenu Saint Owen ndiko watu walipopandisha antena mlimani zamani zile, ni nani hasa aliyeipandisha?

Na Verna, huku anabana pirogi, akasema ni marehemu Reese, baba yake Elwood. Baba mkwe wake, yaani baba yangu, alikuwa amesimama chini na chupa ya bia, anapiga kelele kushoto, kulia, kushoto. Mama mkwe ndiye aliyemsimulia, alikuwepo.

Nyumba sita! Kwa waya wangu! Nilisikia kicheko kikipita ukutani, nyumba hadi nyumba, kama treni. Nimegawia mtaa mzima aibu yangu kwa mikono yangu, tena picha safi.

Elwood hakucheka. Alinipigapiga gotini. Hilo sitalisahau kaburini.

Nikamwuliza Verna kwa nini. Akasema aliulizwa.

Jumatatu, 10 Februari

Chaneli ya sita imerudi! Wamepatana. Kampuni italipa, na bili yetu inapanda kuanzia Machi. Chet akanitazama tu huku anafuta glasi. Na kipindi cha Verna, kwa kuwa watu wengi walikikosa, kinarudiwa leo jioni, na Jumatano, na Jumamosi.

Kiti cha kikalio cha kijani kiko mbele ya mlango wangu. Gari langu liko na wafu.

Lakini sikukaa bure. Nimeiandikia kampuni barua. Jana, kuanzia saa sita mchana mpaka kulala, nani aliyepeleka chaneli ya sita kwenye nyumba za mtaa huu? Mimi! Basi mimi pia ni kampuni, nataka fungu langu. Nimeiandikia na stesheni, wamlipe Verna kwa kila marudio. Verna amekataa kusaini. Nimesaini mimi.

Na kuhusu baba, haya, alikuwa chini. Lakini anayesema kushoto kulia ndiye fundi, mwingine ni ngazi tu. Halafu msisahau: kile kileleni kilikuwa kiti chetu, kiliwekwa siku moja kabla. Kwa hiyo nafasi ile ni yetu. Kwa hiyo kina Reese wamepaki kwenye nafasi ya Baluta miaka sabini na zaidi bila kulipa! Kesho napanda na kiti changu, nakiweka pale pale, tuone Elwood ataifikiaje antena yake.

Baadaye. Verna amefungua daftari kutafuta kipimo cha keki ya njugu, ya kumrudishia jirani, akasoma kurasa hizi zote amesimama. Akaniuliza kiti gani hicho, maana mwaka ule kwa mama mkwe palikuwa na benchi tu.

Haya. Kiti nimekitia mimi kwenye hadithi.