Kapteni wa Ukweni

Jumatatu, 3 Machi
Jana ukweni nimeponzwa na mdomo. Kaka wa mke wangu, mwalimu wa hesabu, alijisifu kwamba katika mchezo wa ndege za kivita kwenye kompyuta hajaona mpinzani. Nikasema mbele ya wakwe kuwa mimi nitamwangusha kabla chai haijapoa. Tumewekeana sharti: tupambane Jumapili, atakayeshindwa amwite mwenzake Kapteni maisha yake yote. Sijawahi kurusha hata tiara. Lakini mimi fundi friji. Ndege nayo si mashine tu?

Jumanne, 4 Machi
Nimeuweka mchezo kwenye kompyuta yangu, na nimepaa! Mawingu chini, mimi juu, nacheka peke yangu kama mwehu. Kutua bado. Mchezo wenyewe una masomo. La leo: ukimfukuza adui usikate kona kali, ndege itaishiwa mwendo. Ukimkaribia kwa kasi mno, panda kwanza, kasi ipungue, kisha mshukie mgongoni. Ushauri wa waoga. Nikavuta fimbo ya kuongozea kwa nguvu zote. Nimeanguka mara kumi na tisa. Mke wangu kauliza kama friji za watu nazo nazitengeneza hivi.

Alhamisi, 6 Machi
Tatizo limejulikana: miguu. Marubani wana kanyagio, mimi nina kandambili. Mama mkwe yuko kwetu wiki hii, anashona sare za shule. Alipotoka kwenda sokoni nikafungua kanyagio la cherehani yake, nikaliweka chini ya meza yangu. Halijaunganishwa na chochote, ila miguu imetulia sana. Leo nimeanguka kwa heshima.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefumaniwa. Mama hakufoka. Alisema, "Mwanangu, mtu hadi aibe kanyagio, ana shida kubwa. Hebu nionyeshe." Nikamweleza yale ya kupanda na kushuka. Akashika fimbo kwa vidole viwili, kama anayeongoza kitambaa chini ya sindano. Hakuanguka. Akasema ndege ni kama pindo, ukiivuta inajikunja. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba vita si ushonaji.

Jumapili, 9 Machi
Sebule ya ukweni imejaa tele. Hata baba mkwe kavaa miwani. Nilipomwona shemeji mbele yangu nikavuta fimbo mpaka ikang'oka mezani. Nikaanguka. Shemeji akakunja mikono, akangoja aitwe Kapteni. Kabla sijafungua kinywa, mama akaomba zamu. Fimbo ikarudishwa. Shemeji akamjia mamaye kwa pupa. Mama akapanda taratibu, akamwacha apite chini, akamshukia mgongoni. Mlio mmoja tu, shemeji akawa moshi. Baba mkwe alisimama akampigia mkewe saluti. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Shemeji akakumbusha kuwa mimi bado nimeshindwa. Mama akakata shauri: "Nyumba hii ina Kapteni mmoja." Tukamwita hivyo sote wawili.

Jumatatu, 10 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Mama alifundishwa na nani? Na mimi. Kwa hiyo mshindi halisi anajulikana. Nimebandika tangazo mlangoni mwa karakana: mafunzo ya mapigano ya angani, mkufunzi mzoefu. Wamejiandikisha wanne. Mmoja ni mzee aliyestaafu urubani, wa ndege za kweli. Nimemtazama mikono, maskini, myepesi mno. Kesho naanza kumfundisha kuvuta fimbo.