Dakika Kumi za Maji Taka

Jumatatu, 3 Machi 2025

Jozi za wasilisho zimebandikwa mlangoni mwa darasa. Njenga, yaani mimi, na Amisha! Mada: mifereji ya maji taka ya London. Dakika kumi, Jumanne ya wiki ijayo.

Nieleze, kwa faida ya atakayesoma haya nikishatangulia. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, shahada ya historia, umri miaka sitini na saba. Kabla ya hapo, mwalimu mkuu kule Kiambu, miaka thelathini na mmoja. Hapa alama ya kupita ni arobaini. Insha yangu ya Desemba ilipata thelathini na nane, kwa kuwa msahihishaji alichoka kabla ya kufika kwenye hoja, iliyokuwa ukurasa wa tisa. Wasilisho hili lazima lipite.

Amisha ana miaka kumi na tisa, anatoka Harrow, hapa hapa London. Babu yake alikuwa na duka la vitambaa Thika, kwa hiyo Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. Ananiita Anko. Amesema anahitaji sabini, si pungufu, ndipo apate nafasi ya kwenda kusoma mwaka mmoja Toronto. Nimemwambia atulie. Yuko mikononi mwa mtu aliyeandaa siku za wazazi thelathini na moja.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano wa kwanza wa kamati, mkahawa wa chuo. Waliohudhuria: wawili. Waliotoa udhuru: hakuna. Nimechaguliwa mwenyekiti bila kupingwa. Pia katibu. Amisha ni makamu. Aliuliza kama tunaweza kuanza na mifereji. Nikamweleza taratibu kwamba mifereji ni kipengele cha saba. Tulikuwa bado kwenye cha pili, kuthibitisha ajenda, alipolazimika kukimbilia basi.

Déogratias alipita na sinia yake ya chakula. Huyu naye nimweleze. Mzee wa Bukavu, mstaafu kama mimi, tunasoma darasa moja. Suti ya kijivu, leso mfukoni. Anajiona. Alicheka akasema, Papa Mwalimu, watu wawili tu, na mwenyekiti iko? Akaongeza kwamba yeye na mwenzake wameshamaliza, sasa wanafanya mazoezi wakijipima kwa saa.

Maskini! Saa ni ya watu wasio na wageni.

Na hapo ndipo wazo liliponijia. Wageni!

Alhamisi, 6 Machi

Ratiba imekamilika. Sala ya ufunguzi, na Mchungaji wetu. Kutambua wageni. Historia fupi ya mwenyekiti. Mgeni wa heshima, ambaye bado anatafutwa. Kisha mada, maswali, neno la shukrani. Huku Uingereza watu huingia kwenye jambo kama wanaoingia bafuni. Kwetu jambo ambalo halijafunguliwa halijaanza.

Teresia, mke wangu, ni muuguzi. Aliisoma ratiba akiwa amesimama, koti bado mwilini. Akasema, Baba Tatiana, hii ni harusi ama ni darasa? Akauliza maji taka yako wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema ameyaona, yako mbali kidogo nyuma ya Mchungaji. Kisha akauliza kama huyo mtoto wa watu anajua. Nikamjibu kwamba makamu ataarifiwa kwa njia ifaayo.

Dk. Emma, mhadhiri wetu, amekubali wageni mradi wakae kimya. Sharti dogo.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani, Tottenham. Mchungaji Hillary atafungua kwa sala. Fupi, nimesisitiza. Akaniuliza, Mwalimu, ni lini umewahi kuniona nikirefusha? Ibada ilianza saa nne. Tulitoka saa tisa.

Jumbe nne kutoka kwa Amisha. Amepunguza kila kitu kikawa slaidi sita. Anauliza nani atasema nini. Nimemjibu: tulia.

Jumanne, 11 Machi

Wageni kumi na wanne! Kofia, vitenge, na treni nzima ya chini ya ardhi, njia ya Victoria, ikitutazama. Déogratias alikuwa tayari ameketi na mwenzake. Hakuwa na mgeni hata mmoja.

Mchungaji alifungua. Alianza na chuo, akapitia wagonjwa, akawakumbuka wenye kesi za viza, mmoja mmoja. Dakika nne. Amisha alikuwa ameshika karatasi zake kama mtu aliyeshika nguzo kwenye basi.

Nikatambua wageni. Déogratias nilimruka makusudi. Akasimama! Akasema, Papa Mwalimu, mimi nakuona, wewe hunioni? Wazee wa kanisa wakanung'unika kwamba kweli, hiyo si heshima. Ikabidi nimtambue. Na mtu akishatambuliwa, husalimia. Alitusalimia kwa niaba ya Bukavu. Kisha akarudia salamu kwa Kifaransa.

Dk. Emma akainua kadi ya njano: zimebaki dakika mbili. Nikamshukuru, nikaingia kwenye historia fupi ya mwenyekiti. Nilikuwa nimefika mwaka 1969 Amisha alipokuja akasimama mbele yangu. Hakuomba ruhusa. Na maneno yalikuwa ya Kiswahili kitupu. Anko, keti.

Niliketi.

Alitumia dakika moja na nusu. Alisema maskini wa London walikufa kwa kipindupindu miaka na miaka na hakuna aliyewachimbia mfereji wa maana. Kisha kiangazi cha 1858 mto Thames ukanuka hadi ndani ya Bunge, wakubwa wakaziba pua, na pesa za kuchimba zikapatikana mara moja. Basi. Kadi nyekundu.

Makofi! Si ya kanisa peke yake, darasa zima. Teresia, aliyekuja moja kwa moja kutoka zamu, alipiga vigelegele. Hakuwa ananitazama mimi.

Nilijivuna kupita kiasi. Makamu niliyemlea mwenyewe, kwa wiki nzima.

Ijumaa, 21 Machi

Alama zimetoka. Kumbe kila mtu husahihishwa peke yake. Amisha: sabini na mbili! Toronto! Alinikumbatia kwenye ngazi. Akasema babu yake, aliposimuliwa, alicheka hadi akakohoa, na safari nyingine hataki kuhadithiwa, anataka kuwepo mwenyewe.

Mimi: ishirini na tisa. Nitarudia, peke yangu, mwezi Juni.

Teresia aliniuliza nimejifunza nini. Nikamweleza kwamba nimechunguza kosa lilipokuwa, bila upendeleo. Ni ile dakika moja na nusu ya Amisha. Ndiyo iliyotukosesha neno la shukrani. Watu kumi na wanne walirudi Tottenham bila kushukuriwa! Teresia akaenda kulala.

Juni dakika zote kumi ni zangu. Neno la shukrani nimempa Déogratias. Amekubali papo hapo, akauliza avae suti gani. Mgeni wa heshima amepatikana, babu wa Amisha. Mchungaji ameahidi kufupisha. Ratiba mpya ina kurasa mbili, na maji taka nimeyapa kipengele chake kizima, cha kumi na moja, muda ukiruhusu.