Pete Nyeusi ya Ikra Irudi Kwenu

Kwa dada yangu mheshimiwa Nurto, mama yake Abdinajib, Burat.

Salaam aleikum. Huku Kiwanjani sisi wazima, ila mimi usingizi umenikataa. Nakuandikia kwa heshima kuhusu pete ya uchumba ambayo kijana wako alimtumia binti yangu Ikra kutoka Johannesburg. Nairudisha ndani ya bahasha hii. Sababu ni hizi.

1. Akina mama wa mtaa walikuja kuona dhahabu, kama desturi yetu. Nikafungua kisanduku, wakaona kitu cheusi kama kinyesi cha mbuzi. Ubah, shangazi yake Ikra, akanishika mkono, akaniuliza polepole kama kijana amefutwa kazi.

2. Nikamwita mwalimu Marete anisomee habari za jiwe hilo kwa simu yake. Akasema ni almasi kweli, lakini nyeusi. Iko ya asili, chembe ndogo ndogo nyingi zimeshikana, ngumu hata kwa fundi wa kuikata. Na iko nyingine hupikwa kiwandani mpaka inakuwa nyeusi. Dada, sufuria yangu nimeipika miaka ishirini na sijamposea mtu nayo.

3. Ati hata makaa ya mawe watu huyaita almasi nyeusi. Sasa mimi nina gunia zima la makaa kutoka Ngaremara. Kama ni hivyo, Ikra ameshaposwa na jiko.

4. Huko Afrika Kusini, watu weusi waliopata pesa juzi juzi nao walipewa jina hilo hilo. Kijana akishakuwa almasi, atakubali tena kukaa kwa mkeka wangu anywe chai ya maziwa ya ngamia?

5. Na Marekani, alama ya almasi nyeusi huwekwa juu ya mlima wa theluji, pale pabaya kabisa, ili asiyejua kuteleza kwa mbao za miguuni asishuke. Ikra akiona tope tu huniita nimshike mkono. Huko Johannesburg kijana akimpeleka, ataita nani?

Kwa hivyo naomba dhahabu ya manjano, na wakae hapa Isiolo nikiwaona. Ama uchumba uishe, tubaki dada na dada.

Nisalimie mzee, watoto wote, na yule ngamia wenu mwenye jicho moja.

Ni mimi mwenye kukupenda na wasiwasi wangu,
Mama Ikra

Nyongeza: Usitafute pete ndani ya bahasha. Nikitafuta gundi ya kuifunga, nyoka aliuma mbuzi wetu wa maziwa. Lile jiwe letu jeusi la kunyonya sumu lilipotea wakati wa mvua. Nikaangalia pete, nikasema jeusi ni jeusi, nikaifunga juu ya kidonda. Ikra ndiye alimshika mbuzi kwa pembe, peke yake, wala hakuniita. Alasiri mbuzi akasimama, akala kona ya barua hii, utaiona. Basi harusi iendelee, na Johannesburg waende. Mwambie tu Abdinajib, kama kuna jiwe kubwa kuliko hili, atume. Tuna ng'ombe pia.