Chuo Kisicho na Geti

Jumatatu, 3 Novemba. Asubuhi mawingu na manyunyu. Nguo za wateja tumeanika ndani. Duka zima la dobi linanuka sabuni na soksi.

Ijumaa saa nne asubuhi natetea tasnifu yangu kwa simu, sura na sauti. Nikipita, nahitimu mwaka huu, na katika majoho yote haya ninayoyapiga pasi, moja litakuwa langu. Nikianguka, mwaka mzima unarudi mwanzo. Mada: namna ya kuzuia upotevu wa mali za wateja katika maduka ya dobi. Miaka minne nimesoma nikiwa nimesimama, pasi mkononi, mhadhiri sikioni. Namjua kwa sauti tu. Kila baada ya jambo gumu huuliza, "Je, tuko pamoja?" Nami humjibu: tuko pamoja. Wateja hudhani nasema nao.

Nyumbani wifi kaanza tena. Yeye alisoma chuo chenye geti. Alitoka muhula wa pili, lakini geti aliliona. Kasema mbele ya mama mkwe kwamba chuo kisicho na geti si chuo, ni kikundi cha simu. Mume wangu akanitetea kuwa elimu haina mwisho. Wifi akasema ya huyu haina hata mwanzo, aliingilia wapi na geti hakuna? Wakacheka. Mume wangu pia! Anasema alikuwa anakohoa.

Na tumeshapatana: nikianguka, meza yangu ya kusomea hapa nyumbani, ile ya dirishani, ni ya wifi, aweke kioo na vitana aanze kusuka watu.

Mama mkwe hakucheka. Aliuliza nasoma kwa njia gani. Nikajibu kwa heshima: kwa njia ya masafa, Mama. Akauliza, ya kati au mafupi? Nikasema marefu tu, chuo kiko mbali. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Mpango wa kesho: geti.

Jumanne, 4 Novemba. Jua.

Mama mkwe ameshinda na redio akizungusha kitufe, anatafuta chuo changu. Amepata utabiri wa mvua, mahubiri, na bwana mmoja anayeuza dawa ya chawa. Kasema kama huyo wa chawa ndiye mhadhiri wangu, nimsikilize vizuri, anafundisha.

Nimebandika karatasi kwenye mlango wa chumba chetu: CHUO. KITAMBULISHO LAZIMA. ASIYE NACHO ADHAMINIWE. Wifi kaisoma, kisha kauliza mlinzi yuko wapi. Mlinzi! Sikuwa nimemfikiria. Mara mama mkwe akazima redio, akaburuta kigoda hadi mlangoni, akaketi. Kabla ya kustaafu alilinda ghala la nafaka, na inasemekana hata panya alijieleza kabla ya kupita. Kasema atalinda zamu ya mchana, usiku geti lijilinde lenyewe.

Mume wangu alikuja kuchukua soksi akazuiwa. Ilibidi nimdhamini. Raha iliyoje!

Jumatano, 5 Novemba. Baridi.

Wifi kasema geti la karatasi, chuo cha karatasi. Anachotaka kuona ni picha yangu ndani ya joho. Nikasema joho huvaliwa siku ya kuhitimu. Akasema basi, ngoja ngoja huumiza matumbo, na meza anaipima leo. Ameipima kweli. Kwa mwiko.

Mchana dereva mmoja kaleta dukani joho la bosi wake. Jeusi, ukosi wa bluu, mikono mipana hata kuku angetagia ndani. Nimeliangalia. Nalo limeniangalia.

Alhamisi, 6 Novemba. Upepo mkali.

Nimelivaa. Wakati wa mapumziko, nyuma ya nguo zilizotundikwa, na kitambulisho cha mwanafunzi nimekishika kifuani kionekane. Najua tasnifu yangu, sura ya kwanza, inasema mfanyakazi asiguse mali ya mteja ila kwa kazi. Lakini hii ni kazi. Huwezi kujua mikunjo ya joho bila bega kuwemo ndani yake. Nikajipiga picha. Kengele ya mlango! Dereva! Nikavua, nikakunja, nikakabidhi, nikatabasamu.

Jioni nimemwonyesha wifi picha. Kaitazama kwa muda mrefu. Kisha kauliza, wifi yangu, hao wahitimu wenzako nyuma, mbona ni suruali tupu? Sikuwa nimeangalia nyuma.

Kitambulisho changu hakionekani. Bila shaka kiko dukani. Haidhuru, kesho nimeomba ruhusa, sendi kazini. Nani ataniuliza kitambulisho nyumbani kwangu?

Ijumaa, 7 Novemba. Jua kali tangu asubuhi.

Nilitoka kuoga saa tatu na nusu. Mlangoni, mama mkwe. Kasema kitambulisho. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikasema Mama, ni mimi, mkweo. Akasema mkwewe anamjua sana, anayemtaka hapa ni mwanafunzi. Nikasema karatasi hiyo niliandika mimi mwenyewe. Akasema basi najua kusoma.

Simu ndani. Tasnifu ndani. Nguo ndani! Mume wangu kazini. Saa nne kasorobo ikagonga. Nikakaa sakafuni na taulo langu nikaanza kulia. Kulia kweli, si mpango.

Wifi akatoka jikoni na mwiko wake. Nikajua meza imekwenda. Akasema, Mama, mpishe. Mama mkwe akauliza: unamjua kama nani? Wifi akautazama mwiko. Kisha akajibu polepole, kama anayeng'olewa jino.

"Ni mwanafunzi. Kila usiku namsikia ukutani anasema 'tuko pamoja, tuko pamoja', na mumewe anakoroma. Mtu hafanyi hivyo miaka minne kwa mzaha."

"Unamdhamini?"

"Namdhamini, Mama. Na avae nguo, jamani."

Kigoda kikasogea.

Saa nne kamili nikauona uso wa ile sauti. Mwembamba, miwani imepanda kwenye paji. Jambo la kwanza: kitambulisho. Nikasema kimepotea. Akainua kitu mbele ya kamera. Sura yangu! Kasema jana jioni kwenye hafla hapa mjini kwetu alinyoosha mkono kumsalimu mkuu wa chuo, na mimi nikadondoka kutoka kwenye mkono wa joho lake hadi kwenye keki.

Kisha akasema tasnifu yangu inahusu mali zinazopotea kwa dobi, kwa hiyo nimweleze hiki kilipoteaje. Je, tuko pamoja?

Hatukuwa pamoja hata kidogo. Nilitafuta uongo, nikakuta akiba imekwisha. Nikamwambia nilivaa joho lake. Nikamwambia tasnifu yangu ina sura ya wezi, sura ya wateja wasahaulifu na sura ya panya, ila nilisahau sura ya mfanyakazi anayetamani. Huyo haibi. Anataka tu aone angefananaje. Na hapo ndipo vitu vinapochanganyika, chake na cha mwenzake.

Akashusha miwani. Kasema hilo ndilo jambo bora katika tasnifu nzima, na kwa bahati mbaya halimo. Niliongeze kabla ya mwisho wa mwezi. Akauliza maswali mengine, nikayajibu yote. Nimepita!

Nikafungua mlango, mama mkwe na wifi wakaniangukia, masikio yalikuwa yamebandikwa ubaoni. Mama mkwe analia machozi ya furaha. Kasema mkwe wangu, masafa yako nimeyapata, kumbe yanakamatika hapa hapa mlangoni.

Jumamosi, 8 Novemba. Asubuhi safi, hakuna wingu.

Meza ni yangu. Wifi kaja kuipangusa bila kuombwa, akaipangusa sana, kisha kauliza kwa sauti ndogo kama chuo changu kinampokea mtu aliyetoka muhula wa pili. Nikamwambia kinampokea, ila aje na mdhamini. Kaniita mchawi. Kisha kauliza, utanidhamini? Jumatatu tunamwandikisha. Mama mkwe anataka kujua kama zamu itaongezwa.

Nimeanza ile sura mpya. Sentensi ya kwanza: mali ya mteja isitoke dukani kwa sababu yoyote ile. Nzuri sana.

Jioni limeletwa joho jingine dukani. Jekundu! La daktari wa falsafa! Nimekuja nalo nyumbani, kwa usalama wake, maana duka lina panya. Hapa hakuna suruali nyuma, picha itatoka vizuri. Ufunguo wa duka nimeuweka mahali ambapo siwezi kuusahau, ndani kabisa ya mkono wa joho. Mwenyewe analifuata kesho asubuhi.

Nimelala saa nne. Hapana, nimelijaribu mara moja tu. Saa tano. Wekundu unanipenda. Nimelala saa saba kasorobo.