Nani Amemshtaki Bi Mkubwa?

Jumatatu, tarehe 4
Barua ya pili! Afisa mifugo kaileta mwenyewe, hata maji hakunywa. Kuna mtu kalalamika tena kwamba Bi Mkubwa, ng'ombe wangu aliyezaa juzijuzi, kamkimbiza kwenye njia ya miguu inayokatiza malisho yangu. Ikija ya tatu, ng'ombe wote watoke pale. Wote kumi na mmoja! Niwapeleke wapi, sebuleni? Jina la mlalamikaji ni siri. Siri kwao. Mimi namjua: shemeji, mwalimu mstaafu, anayepita pale kila asubuhi na kidaftari. Mke wangu akasema nimtenge tu huyo mwenye ndama, yaishe. Anamkingia kifua kaka yake.

Jumanne, tarehe 5
Nimesimika kibao: USIPITE KATI YA NG'OMBE NA NDAMA. USIKIMBIE. UKIFUKUZWA, MWACHIE MBWA, JIOKOE. Shemeji akakisoma, akaandika kitu, akatabasamu. Mtu asiye na hatia hatabasamu saa moja asubuhi.

Alhamisi, tarehe 7
Mpango! Kesho najifanya mpita njia, nimfuate, nimwone anavyomchokoza ng'ombe. Koti la mvua la mke wangu, kofia, na mbwa wa kuazima kwa fundi cherehani. Fundi akauliza mbwa wa nini. Nikamwambia matembezi ya afya. Alinitazama mno. Naye nitamchunguza.

Ijumaa, tarehe 8
Aibu gani hii! Shemeji kapita kandokando ya uzio, taratibu, mbali na ndama. Ujanja mtupu. Nikakata katikati nisimpoteze. Bi Mkubwa, niliyemlea kwa mikono yangu, hakunijua ndani ya lile koti! Akamwona mbwa, akainamisha kichwa. Nikatimua mbio. Mbwa nimemng'ang'ania, maana ni mali ya watu. Nikaishia mtaroni. Shemeji ndiye aliyenipigia kelele nimwachie, akanitoa, akanikokota hadi zahanati. Muuguzi akauliza nimeumizwa na nini. Ng'ombe. Wa nani? Wangu. Wapi? Njiani. Akajaza fomu, nikatia sahihi. Nilidhani ni ya dawa.

Jumapili, tarehe 10
Barua ya tatu. Safari hii mlalamikaji hakufichwa: jina langu, sahihi yangu! Ng'ombe watoke kabla ya Jumatano. Nimelia, sifichi. Mke wangu akakaa pembeni ya kitanda, akasema malalamiko mawili ya kwanza ni yake. Alikimbizwa mara mbili akiniletea chai, na kila aliponieleza nilimcheka. Shemeji naye akanionyesha kidaftari. Eti anahesabu ndege. Akasema ng'ombe wahamie kwenye malisho yake, bure, mpaka ndama akue.

Bure! Hapo ndipo nilipong'amua. Aliwataka ng'ombe wangu tangu mwanzo, naye kamtumia tu dada yake. Nimekubali, nimeshukuru, nimempa mkono. Kuanzia Jumatano nitakuwa najificha huko huko malishoni nimwone anafanya nini. Mahali nimeshapachagua: nyuma ya ndama, ambapo hakuna mwenye akili atakayethubutu kusogea.